Mapumziko ya Jikoni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Gaudiosa mwanangu,

Leo tumeanza kuchuma kahawa. Zimeiva za bondeni kwanza, kama kila mwaka, na ukungu haukuondoka mpaka watu walipomaliza uji. Babu yako Joakim alisali, akanyunyiza maji ya baraka kwenye mashina ya mwanzo, kisha kila mtu akashika mstari wake. Mimi nimepewa ule ambao wewe ulikuwa ukikaa pembeni yake juu ya gunia, ukinihesabia vikapu na kukosea kwa makusudi ili nicheke.

Katekista Antoni aliniambia niongee na wewe kwenye sala. Kwenye sala nalia tu, maneno hayatoki. Nimeona nikuandikie. Nitaandika mpaka mavuno yaishe, halafu nitaona.

Baba yako hajambo. Tangu pumu ilipokuchukua tukakuzika, wakati wa Kwaresima, hajataja jina lako. Akitaka kusema jambo linalokuhusu anasema "wakati ule".

Jumatano, 4 Juni

Baridi. Nimechuma mpaka vidole vikafa ganzi. Hakuna la kusimulia.

Ijumaa, 6 Juni

Tumbo la Vitalia, mke wa baba yako mdogo Fulgence, haliwezi kufichika tena. Leo asubuhi bibi yako Walburga alimpokonya kikapu mbele ya wachumaji wote.

"Weka hicho. Kuanzia leo wewe ni wa jikoni."

Wanawake walipiga vigelegele. Huku mlimani, mwanamke mwenye mimba hapandi kwenye ngoro, mashamba yetu ya mashimo, wakati wa mavuno. Mashimo ya ngoro yamepangwa ubavuni mwa mlima, umande unateleza, na kikapu kilichojaa kinakuvuta kichwa chini. Mimba nyingi zilitoka hivyo zamani. Ndiyo maana mjamzito anabaki nyumbani anawapikia wachumaji, asubuhi mpaka jioni, mavuno yote. Wenyewe wanaita mapumziko. Hakuna kazi nyingine mwaka mzima ambayo mwanamke anaonewa huruma hivyo.

"Magoti yako yamepona, binti!" alipiga kelele jirani yetu Tadea. "Mimi nikiwa na ya sita nilimwomba Mungu mavuno yasiishe."

"Ndiyo maana uliongeza ya saba," mtu akajibu, tukacheka wote.

Nami nilipumzishwa hivyo hivyo, mwaka niliokubeba wewe. Nilikuwa mgeni, nimetoka Lipingo kwenye joto la ziwa, sijui kusimama kwenye mteremko. Nilipoambiwa nibaki jikoni nilipiga magoti nikamshukuru bibi yako.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa, nje ya kanisa, bibi yako alikuwa anawasimulia wenzake jinsi mimba ya Vitalia ilivyokaa vizuri. Akasema: "Watoto wa huku juu wana vifua vya ng'ombe. Pumu ilipanda gari kutoka ziwani."

Wakacheka. Halafu wakaniona.

Shikamoo zangu ziliitikiwa na wote, na yeye pia. "Marahaba, wewe wa ziwani." Zamani aliniita Mama Gaudi.

Alhamisi, 19 Juni

Vitalia anakohoa. Nilipoingia kuchukua chungu cha maharage sikumwona, nilimsikia tu. Jiko lile halina dirisha. Moshi unapanda darini ambako mahindi ya mbegu yananing'inia, meusi kama makaa, na huko unakaa. Ndiyo kazi yake, ili fukusi wasile mbegu. Unaobaki unashuka tena kwa mpishi.

"Toka nje kidogo," nikamwambia.

"Dada, nikitoka ugali utaungua, na wewe ndiye utakayeula."

Jumanne, 24 Juni

Nimemsindikiza Vitalia kliniki Mbinga. Nataka kuandika yote kabla hayajanipotea.

Nesi ni Mwanabibi, mtu wa Lindi, mdomo wake haukai. Alimfunua Vitalia jicho. "Mama, macho mekundu hivi, mume anakuliza?"

"Ni moshi, nesi. Nawapikia wachumaji. Nimepumzishwa."

"Umepumzishwa!" Mwanabibi alicheka mpaka akashika meza. "Kwetu mtu akipumzishwa analazwa kitandani." Alipomsikia anakohoa akaacha kucheka, akatupeleka kwa daktari.

Daktari alikuwa Lusekelo, yuleyule aliyekupokea wewe siku ile, ulipofika umechelewa. Alinitambua. Akasema, "Mama Gaudiosa. Pole sana, mama." Alilitamka jina lako lote.

Alimpima Vitalia kifua, akamwandikia dawa. Nilipoona anamaliza nikamwuliza. "Daktari, nyumbani wanasema damu yangu ndiyo iliyomuua mtoto. Wanasema pumu ni ya ukoo wetu. Ni kweli?"

"Kwenu kuna mwenye pumu?"

"Simjui hata mmoja."

"Kwa mume?"

"Wanakohoa wakizeeka. Watoto wawili wa mama mkwe walikufa kwa kifua zamani."

Akaniuliza kama naimba kwaya. Nikasema niliimba. Basi akasema: "Kitabu cha nyimbo kina nyimbo zote. Mwalimu wa kwaya anaweka alama, huu tuimbe, huu turuke. Hakuna ukurasa uliochanwa, kitabu ni kilekile, lakini kinachosikika kanisani kimebadilika. Mtoto anarithi jeni kama kitabu hicho. Alama zinazowekwa juu ya jeni zina elimu yake, inaitwa epijenetiki. Moshi anaouvuta mama akiwa mjamzito unaweza kuweka alama kwa mtoto kabla hajazaliwa, kwenye jeni za mapafu na za kinga ya mwili. Anazaliwa mzima, mnene, analia vizuri. Lakini njia zake za hewa zinakasirika upesi."

Nikamwambia mama yangu alikuwa anakausha samaki kwa moshi huko Lipingo wakati mimi nimo tumboni mwake. Nikamwuliza kama na huo ulifika kwako.

"Hapo wataalamu bado wanatafuta," akasema. "Mtoto wa kike akiwa tumboni tayari ana mayai yake, kwa hiyo inawezekana kitu kikafika mpaka kwa mjukuu. Kwa sigara kuna tafiti kadhaa zinazoelekea huko. Kwa kuni hatujui vya kutosha. Na kwa Gaudiosa mwenyewe siwezi kusema. Sina kipimo cha kuniambia ilikuwa hivyo. Pumu ina njia nyingi, mama. Nisikudanganye."

"Alama hizo zinafutika?"

"Nyingine zinafifia, nyingine zinakaa. Bora zisiwekwe." Akamgeukia Vitalia. "Wako bado yumo ndani. Ondoka kwenye moshi. Na akizaliwa, asilale kwenye moshi. Hilo silisemi kwa kukisia."

Njiani, tulipokaribia nyumbani, Vitalia akasema, "Dada, usiwaambie kwa ukali. Mama atasema nimechoka kupika."

Jumatano, 25 Juni

Siyo damu yangu. Nimechuma siku nzima nikirudia maneno hayo. Jioni nilipita nje ya jiko, mlango ukafunguliwa, moshi ukanipiga usoni, na maneno yakaniishia.

Jumapili, 29 Juni

Babu yako ameita sengu, chakula na kikao cha ukoo, kwa sababu niliomba. Wanaume walikaa upande wao, sisi upande wetu. Tulipomaliza kula nikaeleza. Nilieleza vibaya, lakini nilieleza yote: kitabu, alama, moshi, mtoto wa Vitalia. Nikaomba mambo mawili tu. Jiko litobolewe dirisha, na Vitalia atolewe humo.

Babu yako aliniheshimu, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mkwe wangu, tukitoboa, moshi utatoka na fukusi wataingia. Mvua zikifika tutapanda nini? Epijenetiki?"

Wanaume walicheka. Hakuwa na ubaya. Anaogopa njaa, aliwahi kuiona.

Bibi yako hakucheka. Aliniangalia tu. "Kwa hiyo daktari amekuambia. Siyo damu, ni tumbo. Ulimpa mwenyewe, kwa pumzi yako."

"Mama, sikusema hivyo."

"Umesema hivyo mbele ya watu wote. Mimi nimezaa saba nikipika kwenye jiko lile."

Fulgence akasema polepole, "Mama, saba. Tumebaki watano."

Babu yako alinawa mikono, akasema mambo ya jiko yangoje mavuno yaishe. Mavuno yakiisha Vitalia atakuwa amejifungua. Wote wanajua hivyo.

Baba yako alikuwa amekaa pale. Alikuwa anachokonoa kucha kwa kijiti.

Jumatano, 2 Julai

Tulikuwa tunageuza kahawa kwenye vichanja, baba yako na mimi. Akaniuliza bila kuniangalia: "Kwa hiyo wakati ule, ulipokuwa unapika, ulijisikia vibaya?"

"Macho yaliniuma, kama ya kila mtu."

"Na hukutoka."

"Egidi, ningetoka kwenda wapi? Mama yako aliniweka humo kwa huruma. Wewe mwenyewe ulileta kuni."

Akaendelea kugeuza kahawa. Nilitamani anitukane. Zamani kosa langu lilikuwa kuzaliwa Lipingo, jambo ambalo sikulichagua. Sasa kosa ni kupumua. Nilikwenda kuuliza elimu initetee, nikarudi nayo mkononi, wakaichukua wakanipigia.

Jumanne, 8 Julai

Fulgence amepanga mafiga nje, nyuma ya nyumba, akazungushia mabua kukinga upepo. Vitalia amepika hapo leo. Alikuwa anaimba.

Jumatano, 9 Julai

Upepo umeangusha mabua. Majivu yameingia kwenye ugali wa wachumaji. Tadea, kwa utani wake, alisema leo tumeanza Kwaresima upya. Bibi yako alibeba chungu mwenyewe kukirudisha jikoni, akafunga mlango.

Nilimwambia mimi nitapika, Vitalia akae uani achambue maharage. Akasema watu hawali kwa mkono wenye msiba. Nilipokuwa nawapikia waliokuja kukuzika, mkono huu ulikuwa safi.

Jumamosi, 12 Julai

Ukungu.

Jumapili, 13 Julai

Ukungu. Nimepalilia kaburi lako.

Jumapili, 27 Julai

Leo nimemwona bibi yako vingine, na sijui nifanye nini na nilichokiona.

Vitalia alikuwa amelala, ana homa. Niliingia jikoni nikamkuta bibi yako peke yake, amekaa kwenye kigoda karibu kabisa na moto, anakohoa kile kikohozi chake kirefu. Machozi yanamtoka kwa moshi, hayafuti. Nilimwamkia. Akanionyesha kigoda cha pili kwa kidevu.

Tukakaa. Baadaye akasema kama anayeongea na mafiga: "Nililetwa hapa nina miaka kumi na sita. Mama mkwe wangu alikuwa mkali kuliko mimi. Kuni, maji, ngoro, kahawa za Joakim. Nilikuwa nalala nimesimama. Nikapata mimba ya Egidi, wakaniweka humu. Mavuno yote nilikaa. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenituma mlimani. Nilisikia wanavyoteleza huko nje na mimi nimekaa, nina joto, nina chakula." Akakohoa. "Mara saba nilipumzika maisha yangu, Scholastica. Mara saba tu. Zote humu."

Halafu akasema, "Na wewe unakuja kusema ilikuwa sumu."

Niliona kwamba hawezi kukubali. Akikubali, wale wawili aliowazika wanabaki mikononi mwake, na mapumziko yake yote saba yanageuka. Hajapewa kitu kingine. Ni rahisi zaidi ugonjwa utoke Lipingo.

Nilimhurumia. Lakini nilipotoka nilikuwa na hasira kuliko nilivyoingia, kwa sababu huruma yangu haimtoi Vitalia humo ndani.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa. Jua zuri. Wasichana wa Komunyo ya kwanza walivaa meupe. Ungekuwa mmoja wao.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemwuliza Vitalia kwa nini hakatai. Ameniambia: "Dada, wewe ulipokosana na mama umebaki na nani? Na mimi nikikosana naye, nani atanishika mgongo nikizaa?"

Anasema kweli. Sisi wawili hatutoshi kuwa ukoo.

Siku hizi ananiachia mlango wazi nikiwa nyumbani, na napita kila mara kuhakikisha haujafungwa. Hicho ndicho nilichoshinda mpaka sasa. Mlango.

Ijumaa, 12 Septemba

Vitalia amejifungua Mbinga, salama. Msichana. Mdogo, lakini ameshika ziwa. Fulgence alipiga simu akawa anacheka tu, haongei.

Jumamosi, 13 Septemba

Wamerudi. Nimeweka sikio kifuani kwa mtoto. Nilisikiliza kwa muda mrefu, mpaka Vitalia akaniuliza, "Dada, unasikia nini?"

Nikasema, "Hewa tu."

Jumapili, 14 Septemba

Desturi ni mzazi na mtoto walale jikoni karibu na moto mpaka kitovu kidondoke, na baada ya hapo mpaka mtoto apate nguvu. Wewe ulilala humo. Leo jioni bibi yako alitandika mkeka na mablanketi mapya aliyoyaweka akiba. Aliyatandika vizuri sana.

Nilisimama mlangoni. Nilisema, "Mama, nakuomba, asilale humu."

"Alale wapi? Nyumba ya Fulgence upande mmoja haina ukuta. Baridi itamuua kabla ya moshi wako."

Na hilo ni kweli. Nilisema chumba chako, ninacholala peke yangu tangu msiba, kina bati, dari, dirisha linalofungwa. Alale pale, na chombo cha maji ya moto miguuni. Nimeshatoa vitu vyako kitandani.

"Chumba cha msiba," akasema. "Mtoto mchanga alale na mfiwa, ubavuni mwako, ukimsikiliza kifua kila saa kama unayesubiri? Nimekuona jana. Sitakubali."

Fulgence alikuwa nyuma yangu amemshika mkewe. Baba yako alikuwa uani. Mtoto alianza kulia kwa sauti nyembamba, na moshi ulikuwa unatoka juu ya kichwa cha bibi yako.

Nikasikia nasema: "Na chumba kikiwa hakina mtu?"

"Unasemaje?"

"Nikiondoka. Nikirudi kwa wazazi wangu. Chumba kitabaki tupu. Padre akibariki, Vitalia atalala humo na mtoto mpaka Fulgence amalize ukuta. Utakubali?"

Bibi yako aliniangalia. Nadhani alitafuta hila usoni mwangu. Kisha akainama, akaanza kukunja mablanketi mapya, moja moja, akampa Vitalia.

"Padre aje kesho," akasema.

Sikumsikia baba yako akisema hapana. Nilimsubiri. Baadaye aliingia akaketi kitandani. "Ukapumzike kidogo kwa wazazi," akasema. "Mavuno yakiisha nitakufuata." Nilimwuliza, "Utanifuata, Egidi?" Akajibu, "Tutaona barabara itakavyokuwa." Barabara kwa sasa ni kavu mpaka ziwani.

Jumatatu, 15 Septemba

Padre amebariki chumba. Vitalia amelala humo na mtoto tangu mchana. Nilipochungulia, dirisha lilikuwa wazi kidogo juu, kama nilivyomwonyesha, na mtoto alikuwa anapumua bila sauti. Wamempa jina Loveth. Fulgence ndiye aliyelipenda, bibi yako anasema si jina la Kikristo. Jikoni mwaka huu atabaki bibi yako peke yake. Yeye ndiye anayewapikia wachumaji waliobaki, mlango umefungwa.

Sijui kama nimemwokoa mtoto yule. Alikaa kwenye moshi wakati wote wa mapumziko ya mama yake, na alama, kama zipo, zimeshawekwa. Daktari mwenyewe angesema hajui. Ninachojua ni kwamba leo halali humo. Kwa hilo nimetoa chumba chako na nafasi yangu hapa. Hakuna aliyeniambia asante, isipokuwa Vitalia, naye alisema kwa kunibana mkono, watu wasione.

Jumanne, 16 Septemba

Gaudiosa,

Gari la Lipingo linaondoka asubuhi hii kupitia Tingi. Nilikuja kwako kabla watu hawajaamka vizuri. Nimeng'oa majani na kunyoosha msalaba. Vitalia ameahidi kuja siku za Jumapili akipata nguvu. Baba yako hajaahidi, lakini nimemwonyesha njia ambayo haina matope, kama vile haijui.

Huku watakusema, na watanisema mimi. Watasema damu ya ziwani, au tumbo, au pumzi. Wewe uliniona nikipumua karibu na uso wako usiku ule uliposhindwa, nikijaribu kukupa ya kwangu. Wewe unajua.

Sasa naenda mbali na mahali ulipolala. Usinihesabu kati ya waliokuacha. Nikumbuke, mwanangu. Mimi Scholastica, mama yako.